Kondo la nyuma ‘limekomaa’: Picha inamwambia nini mjamzito mwenye sukari?

Alikuja Jumanne asubuhi kabla hajaenda kufungua meza yake ya nguo za watoto pale soko la Karume. Ana miaka 31 na hii ni mimba yake ya tatu. Alikaa, akatoa bahasha mbili za kaki kwenye mkoba, akaziweka mezani moja juu ya nyingine kama mtu aliyekuja kudai chenji yake.

“Shikamoo dokta. Juzi nimepiga altrasaundi, nikaambiwa mtoto ana wiki 36, kondo limeshakomaa, nijiandae kujifungua. Lakini mimi kwa hesabu zangu nina wiki 33. Sasa nimwamini nani?”

Nilimwitikia marahaba, nikafungua bahasha. Ya kwanza ilikuwa picha aliyopigwa mimba ikiwa na wiki 13, na tarehe zake zilikwenda sawa kabisa na siku yake ya mwisho ya hedhi. Ya pili ilikuwa na siku tatu tu, kutoka chumba kimoja cha vipimo upande wa Kariakoo. Imeandikwa: umri wa mimba wiki 36, uzito wa mtoto kilo 2.8, maji ya uzazi mengi, kondo la nyuma nene milimita 46, daraja la tatu. Chini, kwa herufi kubwa: KONDO LIMEKOMAA.

Nikachukua kadi yake ya kliniki. Mkojo ulipimwa mara mbili, mara zote hakuna sukari. Kipimo cha sukari kwenye damu hakikuwapo. Nikamuuliza kuhusu mtoto wa pili. Alizaliwa na kilo 4.3. Na nyumbani kuna mwenye kisukari? “Mama yangu, dokta. Anachoma sindano.”

Bahati nzuri alikuwa hajanywa chai. Tulimpima palepale, sukari ikasoma 6.1. Kesho yake alirudi akiwa hajala, akanyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, na baada ya saa mbili sukari ilikuwa 9.7. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2013 vinasema mjamzito mwenye sukari ya 5.1 au zaidi kabla ya kula, au 8.5 na kuendelea saa mbili baada ya glukosi, ana kisukari cha mimba. Huyu alikuwa nayo yote mawili. Kwa hiyo mimba haikuwa na wiki 36. Ilikuwa na wiki 33, na ndani yake mtoto aliyenenepeshwa na sukari hadi mashine ikamhesabu ni mkubwa kuliko umri wake.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili wiki hii kwa sababu yeye si wa kwanza. Kwa mwaka mzima sasa napokea wajawazito kutoka Mchikichini, Ilala, Buguruni na Kariakoo wakiwa na karatasi zinazozungumzia kondo lao la nyuma. Wengine wameogopeshwa, na wengine, ambao kwangu ndio wa hatari zaidi, wametulizwa: “Kondo zuri, mama, huna tatizo.” Wote hao hawajui sukari yao ni ngapi.

Kondo ndilo linalopandisha sukari

Kondo la nyuma ni kiungo cha ajabu. Kwa wastani hufikia nusu kilo mimba inapotimia, upana wake kama sahani ya kulia chakula, na kazi yake ni ya viungo vitatu au vinne kwa pamoja: ni mapafu ya mtoto, ni figo zake, ni utumbo wake. Juu ya hapo ni kiwanda cha homoni. Baadhi ya homoni hizo humfanya mama asiitikie vizuri insulini yake mwenyewe, ili sukari ibaki kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate sehemu yake. Ni utaratibu mzuri, mradi kongosho la mama liweze kuongeza insulini mara mbili au tatu ya kawaida. Likishindwa, sukari inabaki juu. Ndiyo maana kisukari hiki hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 24 na 28, kondo linapokuwa limeshika kasi. Na ndiyo maana kwa wanawake wengi sukari hushuka upesi baada ya kujifungua. Kondo limetoka, na homoni zake zimeondoka nalo.

Sukari hupita kwenye kondo kwenda kwa mtoto, insulini ya mama haipiti. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza hili tangu miaka ya 1950: mtoto anayepokea sukari nyingi hutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, na insulini hiyo ndiyo inayomjaza mafuta tumboni na mabegani. Akizaliwa, sukari ya mama inakatika ghafla pamoja na kitovu, lakini insulini yake bado iko juu. Saa za kwanza sukari yake inaweza kushuka hadi akapata degedege.

Kondo lenyewe nalo hunenepa. Huwa zito na pana kuliko kawaida, na mtu angedhani ukubwa huo ni faida. Wale wanaofanya biashara Kariakoo watanielewa upesi: unaweza kuwa na ghala kubwa, lakini kama mlango ni mwembamba, mzigo hautoki kwa kasi wateja wanayoitaka. Kondo la mama ambaye sukari yake haijadhibitiwa linaweza kuwa kubwa huku vijitawi vyake vidogo, mahali ambapo hewa ya oksijeni huvuka kwenda kwa mtoto, havijakomaa inavyotakiwa. Wakati huohuo mtoto mwenye insulini nyingi anatumia oksijeni zaidi. Mahitaji yamepanda, mlango ni uleule. Hapo ndipo hatari ya mtoto kufia tumboni katika wiki za mwisho inapotokea, na hutokea bila maumivu, bila damu, bila onyo ambalo mama angelitambua.

Mashine inaona nini

Altrasaundi haina mionzi. Ni mawimbi ya sauti yasiyosikika, yanakwenda, yanagonga, yanarudi na kuchora kivuli. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, na tangu hapo hakuna kifaa kilichobadilisha huduma ya wajawazito kama hiki. Naipenda mashine hii, naitumia kila siku. Lakini kivuli kina mipaka yake.

Jambo la kwanza ambalo inaliona vizuri ni mahali kondo lilipokaa. Likiwa limefunika mlango wa kizazi, mama hawezi kujifungua kwa njia ya kawaida, na damu inaweza kumtoka kwa wingi wa kutisha. Kwa hili peke yake altrasaundi imeokoa wanawake wengi, mwenye kisukari na asiye nacho. Ukiambiwa wiki ya 20 kwamba kondo liko chini, usikate tamaa. Mengi hupanda kadiri mji wa mimba unavyokua, na picha hurudiwa karibu na wiki ya 32.

Jambo la pili ni unene. Hupimwa pale kitovu kinapoingia kwenye kondo. Kanuni ya mkono tunayofundishana ni kwamba milimita hukaribiana na wiki za mimba, na zaidi ya milimita 40 tunaanza kuuliza maswali. Nimesema kuuliza maswali, sijasema kutoa hukumu. Kipimo hiki ni rahisi kukosea. Mji wa mimba ukijikaza kidogo wakati wa kupima, kondo linaonekana nene. Mpimaji akishika kifaa upande, linaonekana nene. Na hata likiwa nene kwa kweli, kisukari ni sababu moja tu kati ya kadhaa. Upungufu mkubwa wa damu hulinenepesha, kaswende hulinenepesha, na pia kutopatana kwa kundi la damu la mama na la mtoto. Kwa hiyo kondo nene kwenye karatasi linapaswa kukupeleka maabara: sukari, wingi wa damu, kaswende, kundi la damu. (Na kwa dada zangu mnaonunua udongo wa kutafuna pale sokoni, nikipata mwenye kondo nene, swali langu la pili huwa ni hilo.)

Sasa tuje kwenye neno linalowasumbua watu, kukomaa.

Mwaka 1979, Peter Grannum na wenzake huko Marekani walipanga makondo katika madaraja manne, kuanzia sifuri hadi tatu, kwa kutazama madoa meupe ya chokaa yanayojitokeza mimba inapokua. Nia yao ilikuwa njema. Wakati ule, ili kujua kama mapafu ya mtoto yako tayari, daktari alilazimika kuingiza sindano tumboni na kuvuta maji ya uzazi. Walitaka picha ichukue nafasi ya sindano. Daraja la tatu, walifikiri, lingemaanisha mapafu tayari.

Matumaini hayo hayakudumu, na leo wataalamu wengi hawatumii madaraja hayo kuamua lini mama ajifungue. Wapimaji wawili wakitazama kondo lilelile wanaweza kutoa madaraja mawili tofauti. Kuongeza mwanga wa kioo cha mashine kunatosha kubadilisha picha. Na kwa mama mwenye kisukari kuna mtego wa ziada: sukari nyingi huchelewesha mapafu ya mtoto kukomaa. Mtoto anaonekana mnene, kilo zake zinaridhisha, kumbe mapafu yako nyuma. Kondo “lililokomaa” halimaanishi mtoto aliyekomaa.

Fikiria basi mgonjwa wangu wa Karume. Angeifuata ile karatasi ya pili, wiki mbili baadaye angehesabiwa ana wiki 38, na mtu angeweza kumwanzishia uchungu kwa nia njema kabisa. Mtoto wa wiki 35 wa mama mwenye sukari isiyodhibitiwa angezaliwa akihangaika kupumua. Kilichomwokoa ni picha ya wiki 13. WHO inapendekeza kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na faida yake kubwa ni hii ya tarehe. Mapema, watoto wote wanalingana kwa ukubwa, na mashine hukosea kwa siku chache tu. Mwezi wa nane watoto wamekwisha kutofautiana, mmoja mwembamba mmoja mnene, na mashine inaweza kukosea kwa wiki tatu. Tarehe iliyowekwa mapema haibadilishwi na picha ya baadaye. Kama picha ya baadaye inaonyesha mtoto mkubwa, basi ni mtoto mkubwa, na tunatafuta kwa nini.

Ukiniuliza ni kipimo gani ndani ya picha ninachokitazama kwanza kwa mama mwenye sukari, si kondo. Ni mzunguko wa tumbo la mtoto, kwa sababu mafuta ya insulini hukaa hapo. Halafu maji ya uzazi, ambayo huongezeka mtoto anapokojoa zaidi kwa ajili ya sukari. Kondo linakuja la tatu. Hata ule uzito unaoandikwa kwa kilo na pointi yake, uchukue kama makadirio, unaweza kupishana na ukweli kwa asilimia 10 hadi 15. Wa kilo 4 kwenye karatasi anaweza kuwa wa 3.5 au wa 4.5.

Dopla, na kosa langu

Kuna kipimo kingine kinachozidi kuenea hapa mjini, Dopla. Husikiliza mwendo wa damu kwenye kitovu, na kupitia hapo tunajua kama kondo linapokea damu kwa urahisi au linaizuia. Kwa mama mwenye presha, au mtoto aliyedumaa tumboni, Dopla ni kipimo cha thamani sana. Kwa mama mwenye kisukari ambaye mtoto wake anakua au ni mnene, Dopla nzuri haitoi uhakika huo. Mirija inaweza kuwa wazi huku tatizo likiwa kwenye sukari na oksijeni yenyewe.

Hili sikulijua kwa kusoma tu. Miaka yangu ya mwanzo kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimhudumia mama mwenye kisukari cha mimba wiki ya 37. Sukari zake za nyumbani alikuwa hazileti, mara daftari limepotea, mara vijiti vimekwisha. Siku hiyo aliniambia mtoto anacheza kidogo tangu jana. Nilimpima Dopla mwenyewe. Mwendo wa damu ulikuwa safi, moyo wa mtoto unapiga, kondo nene kidogo. Nikamwambia yuko salama, arudi baada ya wiki. Nilimwambia hivyo nikitabasamu. Alirudi baada ya siku nne, na hatukuusikia moyo.

Yule mama hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Tangu siku ile, mjamzito mwenye sukari akiniambia mtoto amepunguza kucheza, picha nzuri hainiridhishi. Tunamweka kwenye mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto, tunapima sukari, na kama mimba imefikia umri tunazungumza juu ya kujifungua. Nanyi nawaomba: mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama jana ulipiga picha ikatoka safi. Usinywe soda ili kumwamsha. Usisubiri kliniki ya Alhamisi.

Takwimu za nchi zinasema nini

Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhiwa tuzo ya Goalkeepers ya taasisi ya Gates hapa Dar es Salaam kwa kupunguza vifo vya wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sisi tulio wodini tuliona mabadiliko kwa macho: vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji, magari ya wagonjwa, damu inayopatikana. Sijawahi kuona haya kuwapa hongera wanaostahili.

Lakini katika utafiti uleule kuna namba nyingine isiyopigiwa makofi. Vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za kwanza, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Karibu havikutikisika. Watoto wanaofia tumboni hawamo hata kwenye hesabu hiyo. Siwezi kusema kisukari ndicho kinachoshikilia namba hiyo juu, maana kuna kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Ninachosema ni kwamba tumejifunza kumwokoa mama anayetoka damu, na kazi iliyobaki ni ya kimyakimya zaidi, na kisukari ni moja ya hayo ya kimya.

Zamani hatukukihofia. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Muhimbili, akiwamo Andrew Swai, walichapisha matokeo kutoka vijijini Tanzania yakionyesha kwamba wajawazito wa huko hawakupanda sukari kama ilivyotarajiwa. Zilikuwa habari njema za wanawake wanaotembea, wanaolima, wanaokula nafaka isiyokobolewa. Mwaka 2014 utafiti ulioongozwa na Akwilina Mwanri wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, uliopima wajawazito 910, ulipata picha nyingine: kijijini asilimia 1, mjini asilimia 8.4. Nchi ileile, asili ileile, tofauti ya mara nane.

Anayetaka kujua tofauti hiyo imetoka wapi na atembee Mchikichini saa nne asubuhi. Mama mfanyabiashara anakaa kwenye meza yake kuanzia alfajiri hadi jioni. Chai yake ina vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili, mchana chipsi au wali sahani iliyojaa, saa kumi juisi ya miwa kwa sababu jua ni kali. Kutembea ni kutoka kwenye daladala hadi sokoni. Simlaumu. Mji umepangwa hivyo na kipato chake kimo humo. Lakini kongosho halina huruma na ratiba ya mtu.

Novemba 14, 2025, Siku ya Kisukari Duniani, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia unaohusu huduma kwa wajawazito wenye kisukari. Nilifurahi kuuona. Utafiti mkubwa ambao vigezo vyetu vya leo vimejengwa juu yake, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi tisa, haukuwa na kituo hata kimoja barani Afrika. Mwongozo mpya ni nafasi kwetu kujiuliza tunawapimaje wa kwetu.

Kwa maoni yangu, jibu la sasa haliridhishi. Katika vituo vingi vya ngazi ya chini kinachofanyika ni kijiti cha mkojo. Mkojo huonyesha sukari ikiwa imepanda sana, na wengi wenye kisukari cha mimba hawafiki hapo. Wengine mkojo wao unaonyesha sukari kwa sababu tu figo za mjamzito huvujisha kidogo, hawana ugonjwa. Kwa hiyo kijiti hukosea pande zote mbili. Mgonjwa wangu alikuwa na “hakuna” mbili kwenye kadi.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mabango ya altrasaundi yameota kila kona kati ya Msimbazi na Ilala Boma. Sipigani nayo, wapo wapimaji hodari humo na wameshaniletea akina mama niliowashukuru Mungu kuwapata mapema. Lakini soko limeamua kwamba picha inalipa, na tone la damu la kidoleni halilipi. Mama anapigwa picha tatu au nne katika mimba moja, nyingine kwa ajili ya kujua jinsia tu, halafu kipimo kinachochukua dakika moja hakifanyiki. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mjamzito chini ya sheria hiyo, kama wananisoma, waweke kipimo cha glukosi cha wiki 24 hadi 28 mbele ya picha ya nne. Sera inasema huduma za mjamzito ni bure, lakini mama akifika dirishani na kuambiwa kipimo hiki hakipo, akafanye nje, bure hiyo inamsaidia nini?

Ukiwa na karatasi mkononi

Basi ufanye nini? Kama uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, kama mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, kama una uzito mkubwa, kama mimba iliyopita mtoto alifia tumboni, omba kupimwa sukari ya damu siku ya kwanza ya kliniki, usingoje wiki 24. Sema kwa mdomo wako: “Nesi, naomba kipimo cha sukari cha damu, sijala.” Likishindikana hapo, uliza wapi kinafanyika.

Ukishajulikana una kisukari cha mimba, picha zina ratiba yake. Wengi wetu tunafuata wiki ya 28, ya 32 na ya 36. Beba picha zako zote, hasa ile ya mwanzo kabisa, hata kama imekunjamana. Mpimaji mwambie kabla hujalala kitandani: “Nina sukari, na tarehe yangu ni hii.” Na karatasi ikiandika juu ya kondo, muulize daktari wako maswali mawili tu: liko mbali na mlango wa kizazi? Na je, kuna kitu humo kinachobadilisha matibabu yangu? Mara nyingi jibu la swali la pili litakuwa hapana, na utalala usingizi.

Daftari la sukari ndilo linalobadilisha mambo. Tunataka kabla ya kula iwe chini ya 5.3, na saa moja baada ya kula chini ya 7.8. Wengi hufika hapo kwa kupunguza chai ya sukari, juisi na soda, kugawa wali au ugali uwe nusu ya uliozoea na nafasi yake ichukuliwe na mboga, maharage, samaki au dagaa, na kutembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni. Wasiofika huhitaji dawa, na insulini haimdhuru mtoto. Kumbuka, haipiti kwenye kondo. Nawaambia hili akina bibi wanaowakataza mabinti zao sindano: sukari inapita, insulini haipiti.

Baada ya kujifungua, mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, na sukari yake ipimwe kisiginoni hata kama ni mnene na analia vizuri. Mama arudi kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Hapa ndipo tunapowapoteza. Wanarudi kwa chanjo ya mtoto, lakini wao hawapimwi, wakati hatari yao ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele ni kubwa kuliko ya wenzao.

Yule wa soko la Karume alijaribu chakula kwa wiki moja. Baada ya kula sukari ilikaa vizuri, lakini ya asubuhi iligoma kushuka chini ya 5.8, tukamwanzishia insulini ya usiku. Dada yake ndiye anayemchoma, yeye anaogopa sindano. Picha ya wiki 36, ile ya kweli, alipigiwa Hospitali ya Amana: tumbo la mtoto lilikuwa limepunguza kasi ya kunenepa, maji yamerudi kawaida, kondo bado nene, milimita 47. Aliinyosha karatasi mbele yangu, akaweka kidole kwenye namba hiyo.

“Na hili dokta, halijapungua.”

Nikamwambia haliwezi kupungua, wala hatukuwa tukilitibu hilo. Nikamwomba daftari. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameandika 4.9, kwa kalamu nyekundu, na chini yake amechora mistari miwili. Tumepanga ajifungulie wiki ya 39. Mpaka jana jioni mtoto alikuwa anacheza, na mama alikuwa bado sokoni anauza.